Mabakuli Yaliyovuka Daraja la Otter Lick

Charleston, 3 Aprili 2023

Shangazi yangu mpenzi,

Na bado sikumaliza kukuambia, maana pale mlangoni pa kanisa watu walitumwagia mchele, wewe ukakimbilia kulisha ng'ombe, mimi nikabaki na maneno mdomoni. Shangazi, nimeolewa na mwanaume anayening'inia hewani!

Lakini salamu kwanza, usije ukasema ndoa imeniharibu adabu. Hujambo? Goti lako je? Mzee Hobert anapumua vizuri na ile mitungi yake ya hewa? Watoto wa basi lako wanakusumbua? Sisi hatujambo kabisa. Nyumba yetu ina vyumba viwili na dirisha moja linalotazama kuba la dhahabu la makao makuu ya jimbo. Nimepata kazi katika duka la keki za arusi. Fikiria, arusi yangu imekwisha na bado kila siku niko arusini! Ningekupigia simu, ila ile ya ukutani unaishika kama nyoka, na za mkononi hazishiki huko, mawimbi yamekatazwa kwa ajili ya darubini kubwa inayosikiliza nyota. Basi nitaandika. Wade wangu anacheka, anasema mimi na wewe ndio watu wa mwisho West Virginia kununua stempu.

Juma lililopita nilimpelekea chakula kazini, kwenye daraja lililo juu ya korongo. Shangazi, lile gari lao lina mkono mrefu unaopita juu ya ukingo, unajikunja, unaingia chini ya daraja, na kwenye ncha ya mkono huo kuna kikapu, na ndani ya kikapu mna mume wangu! Chini yake hakuna kitu ila hewa, na chini ya hewa mto mwembamba kama uzi. Alikuwa anagonga chuma kwa nyundo huku ameinamisha sikio, kama daktari. Niliushika ukingo kwa mikono miwili. Aliporudi juu nikamuuliza anasikiliza nini.

"Chuma kizima kinaimba, Rae," akasema. "Kibovu kinakohoa."

Nimeolewa na mtu anayejua chuma kinapokohoa. Niambie kama kuna mwanamke mwenye bahati kuliko mimi.

Na kuna jambo kubwa zaidi. Washington imetenga fedha za barabara na madaraja kwa miaka mitano mfululizo, na jimbo letu limepata fungu ambalo Wade anasema halijawahi kuonekana tangu azaliwe baba yake. Si za barabara kuu tu. Kuna fungu la madaraja madogo ya huko ndani, yale ambayo hakuna mkubwa anayeyapita. Washington inatoa sehemu kubwa, jimbo linamalizia. Lakini ni jimbo linalochagua daraja gani lianze na lipi lingoje, na fedha zisipopangiwa kazi kwa wakati, zinakwenda kwa majimbo mengine. Wade anapolieleza hilo macho yake yanang'aa, nami namtazama macho badala ya kusikiliza.

Wiki mbili zijazo anakuja kukagua madaraja ya upande wenu, na Otter Lick limo. Mpikie. Mpende kidogo, kwa ajili yangu.

Wako mwenye furaha,
Raelynn (sasa Teter!)


Otter Lick, 24 Aprili 2023

Mwanangu Raelynn,

Barua yako ilifika ikinukia manukato. Mpeleka barua aliniuliza kama nimepata mchumba. Nikamwambia ndiyo, na ni tajiri, na hapendi watu wambea.

Hatujambo. Goti ni lilelile. Vitunguu mwitu vimeota vingi mwaka huu, mlima mzima unanuka, na sisi tunanuka nao. Mzee Hobert anapumua. Mbwa wa Lottie amezaa chini ya ngazi za kanisa, na Mchungaji Dorsey anahubiri huku watoto wa mbwa wakilia, naona ndiyo mahubiri bora tuliyowahi kupata.

Mtu wako alikuja. Alikula sahani tatu za vitunguu mwitu, viazi na nyama ya nguruwe, kwa hiyo akinuka usimlaumu. Ana adabu. Aliosha sahani yake.

Alishuka chini ya daraja asubuhi na akakaa huko muda mrefu. Nilifika na basi wakati bado yuko kijitoni, maji yakiwa magotini. Watoto wakashuka kama kawaida, wakavuka kwa miguu kupunguza uzito, wakubwa wamewashika wadogo mikono, nami nikafuata na basi tupu. Alisimama pale akitutazama, nyundo mkononi. Nilipofungua mlango wapande tena, akapanda ukingo akaja dirishani.

"Shangazi, mmekuwa mkivuka hivi tangu lini?"

"Tangu mkeo ana meno ya utoto," nikamwambia. "Naye alikuwa anavuka anaimba."

Hakucheka. Akarudi chini.

Basi siku hizi linalala ng'ambo, uwanjani pa kanisa. Mvua imekuwa nyingi. Ng'ombe mwekundu atazaa wakati wowote.

Sina zaidi.
Shangazi yako, Verlie


Charleston, 6 Mei 2023

Shangazi mpenzi,

Natumaini ng'ombe amezaa salama na goti halikukusumbua kwa mvua hizo. Sisi wazima, ingawa kwa siku moja hatukuwa wazima, na sababu ni barua yako.

Basi linalala ng'ambo? Umeliandika hilo kati ya mvua na ng'ombe kama vile unataja bei ya chumvi! Nilisoma tena na tena. Kisha nikamuuliza Wade mezani. Akaweka uma chini.

"Sikujua nikuambieje, Rae."

"Niambie kwa mdomo. Si umepewa?"

"Nimelishusha daraja, mwisho wa uzito ni tani tatu. Pikapu zipite moja moja. Basi la shule haliruhusiwi hata likiwa tupu."

"Hilo ni daraja la Shangazi aliyenilea!"

"Ni daraja la watoto," akasema. "Niligonga mhimili nyundo ikaingia, Rae. Haikugonga. Iliingia. Na yeye anapita juu yake na basi, asubuhi na jioni, anatabasamu."

Sikusema naye mpaka kesho yake. Nilimfungia mkate wa siagi usio na siagi. Akaula wote akaniandikia kikaratasi, "Mkate mtamu." Kisha mchana, nikiwa napamba keki ya mtu, nikakuona wewe kwenye kile kiti kirefu, mikono kwenye usukani, na chini yako chuma kinachoingilika kama keki. Nikaanza kulia juu ya maua ya sukari. Jioni nilimkumbatia mlangoni kabla hajavua buti. Nampenda kuliko jana, na jana nilidhani nimefika mwisho wa kupenda.

Sasa sikiliza, maana hili ndilo lenye maana. Najua usichokiandika. Basi lisipoingia bondeni, shule itawaambia wazazi wawalete watoto wenyewe barabarani, wengine watachoka wahame, na wewe hutakuwa na njia ya kuendesha. Bonde lina mlango mmoja tu. Lakini fedha zipo, Shangazi! Jimbo linaandika orodha ya madaraja madogo. Wanatazama ubovu, wanatazama kama kuna njia nyingine, wanatazama magari mangapi yanapita. Kwa magari mnashindwa, ninyi ni wachache. Kwa hiyo lazima wasikie watu. Mhandisi atakuja kanisani kwenu mwezi wa sita kwa mkutano wa hadhara. Anaitwa Bi. Kessinger. Simameni, mseme yote!

Wade anakusalimu. Anauliza kama umemkasirikia.

Wako,
Raelynn


Otter Lick, 29 Juni 2023

Mwanangu Raelynn,

Usinihesabie siku. Majani ya ng'ombe yalikuwa tayari na jua halingoji mtu. Ndama ni jike, ana doa kichwani. Lottie amewagawa watoto wa mbwa wote ila mmoja, ambaye Mchungaji anasema ameokoka na hatoki kanisani.

Mkutano ulikuwa. Tulikuja wote, hata Mzee Hobert na mtungi wake. Tulimtandikia huyo Bi. Kessinger meza kutoka madhabahu mpaka mlango. Maharage, mkate wa mahindi, kuku wa aina mbili, viazi vya jibini vya Lottie, kabichi ya siki, keki ya tabaka za tofaa. Ni mama mfupi, amekata nywele kama mvulana, ana buti zilizofanya kazi. Alipoanza kueleza habari za Washington na jimbo, Lottie akamwambia, "Kula kwanza, mama, fedha haziozi." Akala. Alikula vizuri, kila mtu akamwangalia kwa furaha.

Baadaye akasimama akauliza nani ana neno kuhusu daraja.

Sasa utasema nini kwa mtu ambaye bado ana mkate wako mdomoni? Utamwambia serikali yake imetusahau? Mchungaji akasema tunashukuru kwa kuja. Mzee Hobert akasema daraja ni zuri kwa umri wake. Bi. Kessinger akatugawia karatasi za maoni. Tulizirudisha safi, hakuna hata doa la mafuta.

Alionekana kushangaa. Akauliza tena, "Hamna neno kabisa?" Lottie akamjibu, "Tuna keki nyingine."

Tulimfungia mabaki, kila mtu kwa bakuli lake, hata kiti cha nyuma cha gari lake kikajaa. Alikuwa mgeni mwema.

Mimi sasa naendesha kutoka kanisani kwenda shule na kurudi kanisani. Watoto wa ndani wanaletwa na wazazi hadi darajani, wengine wanatembea kutoka nyumbani. Walipofunga shule niliwahesabu walioniaga. Familia ya Ruckman inahamia mjini.

Sina zaidi.
Shangazi yako, Verlie


Charleston, 8 Julai 2023

Shangazi,

Hujambo, goti halijambo, ndama hajambo, na sasa niruhusu nipige kelele. MLINYAMAZA?

Mtu amesafiri mwendo wa saa nne kusikia shida zenu, mkamlisha mpaka asikie usingizi! "Daraja ni zuri kwa umri wake!" Nilipomsomea Wade aliweka kichwa mezani. Nilidhani analia, kumbe anacheka, halafu kumbe kweli analia kidogo. Anasema kule ofisini karatasi tupu husomwa kwa namna moja tu: hapa hakuna mwenye shida. Bonde lenu limeshuka kwenye orodha mpaka karibu na mwisho.

Milango ya maoni inafungwa mwisho wa mwezi huu. Andikeni, nawasihi. Andika wewe, Shangazi, una mwandiko mzuri. Au sema neno moja tu nami nitaliwasilisha. Wade hawezi kuliombea, ni daraja la jamaa yake, ingekuwa haramu. Na hataki hata kujaribu, nami nampenda kwa hilo ingawa leo ningependa asiwe mwema hivyo.

Umekataa kunijibu kama umemkasirikia.

Raelynn


Otter Lick, 2 Agosti 2023

Mwanangu Raelynn,

Sijui kuomba. Mama yangu hakujua, na wewe unajua tu kwa sababu umesoma. Kalamu niliishika mara mbili. Niliandika "Waheshimiwa" nikaenda kukamua.

Lakini kuna jambo lilitokea, nami nitakuambia kwa sababu sijawahi kuona mfano wake.

Unajua bakuli haliachwi. Umelelewa hapa. Mtu akikupa chakula kwa bakuli lenye jina lake kwenye utepe chini, bakuli linarudi, na halirudi tupu. Sasa nani angedhani huyo mama wa serikali analijua hilo? Kumbe ni mtoto wa bonde kama letu, kusini huko. Katikati ya Julai alikuja peke yake siku yake ya mapumziko, na mabakuli yote kwenye gari la kazi. Gari hilo ni zito kuliko tani tatu. Alifika mwanzo wa daraja, akasoma kibao ambacho mtu wako alikiweka, akazima gari.

Nilikuwa kanisani nikifagia basi. Akaja kuniuliza kama kuna toroli.

Raelynn, nilimwona mhandisi wa jimbo akisukuma toroli la mbolea juu ya daraja la Otter Lick, limejaa mabakuli, na ndani ya kila bakuli jemu ya zambarau aliyoipika mwenyewe. Nilitaka kumsaidia akakataa. "Nimekula mimi," akasema, "nitarudisha mimi."

Alikwenda nyumba kwa nyumba. Na sasa hakuwa mgeni wa mkutano tena. Alikuwa mtu aliyerudisha bakuli, na mtu wa namna hiyo anakaa jikoni, na jikoni hakuna anayenyamaza.

Nimeyasikia kutoka kwa kila mmoja baadaye. Mzee Hobert alimwonyesha jinsi mitungi yake ya hewa inavyoachwa ng'ambo, na jirani anavyoivusha kwa toroli hilohilo. Akamuuliza, "Na theluji ikiwa nyingi?" Hobert akamwambia, "Basi navuta pumzi fupi fupi." Kwa Lottie aliambiwa kwamba gari la zimamoto lilisimama ng'ambo mwezi wa tano, wazimamoto wakakimbia na ndoo, na ghala likateketea huku gari likiangalia. Ruckman alikuwa anafunga vitanda. Mkewe alimwambia, "Sihami kwa kupenda. Nina pacha wa miaka sita na kijito kinachofurika." Lottie anasema mhandisi alikaa hapo kwenye sanduku la vyombo akaandika.

Kwangu alifika mwisho, bakuli langu la bluu mkononi, viatu vimemvimbisha miguu. Nilimpa maji ya kuikanda. Tuliyozungumza ni yangu na yake.

Alipoondoka niliangalia toroli likivuka tupu. Sijawahi kuona serikali ikitembea kwa miguu. Nilisimama pale mpaka taa za gari zikapotea, na ng'ombe walikuwa wanalia.

Shangazi yako, Verlie


Charleston, 20 Septemba 2023

Shangazi yangu, Shangazi yangu, Shangazi yangu,

Hujambo sana! Leo sina subira ya salamu, utanisamehe. LIMO! Otter Lick limo kwenye orodha, si mwishoni, juu! Wade alikuja hadi dukani, mikono imejaa grisi, akaniambia mbele ya wateja, nikaangusha ghorofa ya pili ya keki. Bwana arusi alikuwepo. Akasema, "Kama ni habari njema, haidhuru."

Bi. Kessinger aliandika kurasa nyingi, na kila ukurasa una jina la mtu na jikoni lake. Madaraja madogo yanayofanana yamefungwa fungu moja, yajengwe kwa mpango mmoja, ili kazi isichelewe. Sasa karatasi inapanda: kutoka kwake hadi kwa mkuu wake, hadi Washington, na kushuka tena na saini. Nawaza, Shangazi, kwamba huko kwenye majengo ya marumaru kuna mtu asiyetujua, anayekunywa kahawa yake, na mbele yake pana neno "Otter Lick". Fedha za watu wa jangwani na watu wa pwani, watu ambao hawajawahi kunusa kitunguu mwitu, zinakuja kumvusha mtoto wa Lottie. Je, hilo halikushangazi? Mimi linanisimamisha nikiosha vyombo.

Na nina la kukushtaki. Bi. Kessinger alimwambia Wade mlichozungumza, au sehemu yake. Alikuuliza ni nani aliyekagua daraja na kulishusha, maana alitaka kujua kama watu wamemchukia. Nawe ukamjibu, "Ni mkwe wangu. Na mtu akimchukia, atapita kwangu kwanza."

Wade hakula jioni hiyo. Alikaa kwenye ngazi akitazama kuba la dhahabu.

Ungeweza kuniandikia tu, Shangazi!

Wako,
Raelynn


Otter Lick, 11 Februari 2024

Mwanangu Raelynn,

Mama huyo anasema sana.

Hatujambo. Theluji imefika madirishani. Mzee Hobert anavuta fupi fupi, tunamvushia mitungi kwa zamu. Vigingi vimepigwa kando ya kijito, vina utepe wa waridi, na sungura wanaukata. Zaidi ya hivyo sijaona daraja. Shule inasema kama basi halitaingia bondeni mwaka ujao wa masomo, njia yangu itafutwa. Nimesema sawa.

Usiniandikie kwamba nisihuzunike. Niandikie habari za keki.

Verlie


Charleston, 18 Mei 2024

Shangazi mpenzi,

Natumaini theluji imekuachia goti lako, na Mzee Hobert anapumua ndefu. Keki ya leo ina ghorofa tano na chemchemi ya maji ya kweli katikati. Nimetimiza.

Sasa ya kwangu. Asubuhi nilikuwa nafungua duka nikasikia honi. Magari ya polisi yakaja, taa zikizunguka, kisha lori refu kuliko mtaa wetu, na juu yake mhimili mmoja wa chuma. Mmoja tu! Ulikuwa mpya, wa kahawia kama farasi. Lori lilipokata kona, nyuma yake kulikuwa na mtu mwingine anayeendesha magurudumu ya nyuma peke yake, kama mkia wenye akili. Watu wote wa mtaa walitoka. Baba mmoja alimbeba mtoto begani.

Wade alikuwa amenipa namba zilizoandikwa ubavuni. Nikazisoma, nikapiga kelele kwa mtaa mzima, "Huo ni wetu! Huo unakwenda kwetu!" Nilikimbia kando yake na aproni yangu mpaka pumzi ikaniishia.

Usiwaambie shule "sawa" tena.

Raelynn


Otter Lick, 29 Agosti 2024

Mwanangu Raelynn,

Natumaini hii inakukuta mzima na kwamba keki nne zilizokuzuia kuja Jumamosi ile zilikuwa na thamani, maana ulikosa jambo ambalo sitaliona tena.

Unajua hawakuweza kuvunja daraja la zamani na kutuacha bila mlango. Kwa hiyo walijenga jipya kando yake, juu ya miguu ya muda, kamili, na kingo na zege na kila kitu. Kiangazi chote tulivuka la zamani tukiliangalia jipya hapo karibu, kama mtu anayeangalia viatu dirishani pa duka. Kisha Ijumaa wakalibomoa la zamani, na Jumamosi wakasema watalisukuma jipya mahali pake. Hobert akasema, "Lisukumwe na nani? Samsoni?"

Tulileta viti, tukakaa kwenye ukingo, na chakula, maana ni Jumamosi. Bi. Kessinger alikuwepo. Nilidhani wataleta mashine kubwa. Walileta jeki mbili, na ndoo za sabuni ya vyombo. Sabuni, Raelynn, ile ya kijani ya jikoni! Wakaimwaga kwenye reli chini ya daraja. Lottie akasema, "Kama ningejua fedha za Washington zinanunua sabuni, ningewapa yangu."

Kisha mkuu wa genge la wajenzi akainua mkono na watu wote wakasimama, hata watoto.

Sikuona kitu. Hobert akasema, "Halijatikisika." Nami nikatazama kivuli. Kivuli cha ukingo kilikuwa juu ya jiwe moja kijitoni, na nilipotazama tena jiwe lilikuwa juani. Daraja likaja. Kitu kizito kuliko kanisa letu na nyumba zetu zote kikija kimya, povu likitoka chini yake, polepole kama mkate unavyoumuka. Hakuna kelele ya chuma. Ndege walikuwa wanaimba. Mchungaji akavua kofia, wanaume wote wakavua. Nimeona ng'ombe wakizaliwa na watu wakifa, na mafuriko ya mwaka ule, nikadhani nimemaliza kushangaa. Nilishika mkono wa Bi. Kessinger bila kujua. Yeye ndiye mhandisi, naye akaufinya wangu.

Lilipofika mahali pake lilikaa. Hapakuwa na kishindo. Wade akaingia chini na taa, na tulingoja, hakuna aliyegusa chakula. Akatoka na povu kwenye nywele. Akanitafuta mimi kwa macho, si mkuu wa genge, mimi. Akasema, "Limekaa, Shangazi."

Jumatatu ilikuwa siku ya kwanza ya shule. Wade alikuwa amebaki kwangu, akasimama ng'ambo kunitazama. Niliingia bondeni na basi nikawachukua wote, pamoja na pacha wa Ruckman ambao wazazi wao wamerudisha vitanda. Nilipofika darajani mguu wangu ukakanyaga breki wenyewe, na mkono ukafungua mlango. Watoto wakasimama, wakaanza kushikana mikono.

"Kaeni," nikawaambia. "Kaeni watoto wangu."

Wakakaa. Nikafunga mlango nikavuka, na mmoja nyuma akaanza kuimba. Nilipofika upande wa pili nilisimamisha basi nikampungia Wade. Sikuweza kushuka. Kulikuwa na vumbi machoni.

Shangazi yako, Verlie


Charleston, 5 Septemba 2024

Shangazi yangu,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, kisha nimekaa, kisha nimemsomea Wade kwa sauti mpaka nikashindwa, akaimalizia yeye. Umeliandika jina lake mara tatu. Anasema usihesabu, lakini yeye ndiye aliyehesabu.

Zile keki nne hazikuwa na thamani yoyote. Nimemwambia mwenye duka, naye amenipa likizo kabla sijamaliza sentensi, nadhani alikuwa amechoka kusikia habari za mhimili. Sitaki kuonyeshwa daraja tukiwa kwenye gari letu. Nataka kuamka kwako alfajiri, nipande basi pamoja na watoto, nikae kiti cha mbele kilicho nyuma yako. Miaka yangu yote ya shule nilivuka maji yale kwa miguu, na sijui bonde letu linaonekanaje kutoka dirishani, mtu akiwa amekaa, anavuka. Wade atakaa nami, tumebanana. Watoto watatucheka, na wacheke.

Usipike kupita kiasi. Najua utapika. Tutakuja, Shangazi, sote wawili, kabla Septemba hii haijaisha.

Wako daima,
Raelynn